Golf GTI Mk5 kama gari la kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyotoka kati ya 2004 na 2009, na anataka kwenda nayo kazini Jumatatu hadi Ijumaa, si kuifunika turubai uani. Mengi yanahusu Kenya, kwa kuwa mashabiki wake ni wengi huko, lakini injini ni ileile hata ukiwa Arusha au Kampala.

Kwa nini Mk5, na si GTI nyingine?

Volkswagen ilionyesha GTI ya kwanza Frankfurt mwaka 1975 na ikaanza kuiuza 1976: gari dogo la familia, injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 110. Walikusudia kutengeneza 5,000 tu. Wateja wakakataa kuachia hapo. Baadaye gari likanenepa, na kwa maoni yangu kizazi cha tatu na cha nne vilibeba jina kuliko vilivyobeba kazi. Mk5 ndiyo iliyorudisha heshima. Ina injini ya lita 2.0 yenye tabo (feni inayoshindilia hewa zaidi ndani ya injini), farasi 200, na torki ya Nm 280 inayopatikana tangu mizunguko 1,800 kwa dakika, yaani karibu mara tu unapokanyaga. Mk4 ya kawaida ilikuwa na mhimili mmoja unaounganisha magurudumu ya nyuma. Kwenye Mk5 kila gurudumu la nyuma lina mikono yake, na kwenye kona za Limuru utaisikia tofauti.

Kuna sababu nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo farasi 150 za kwenye makaratasi zinabaki kama 125 ukifika mjini. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Ndiyo maana Golf hii hupanda Limuru bila kuhema huku magari mengine yakitafuta gia ya chini.

Bado naweza kuagiza kutoka Japani?

Kenya, hapana. Kanuni ya KS 1515 inataka gari lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo Mk5 zilifungiwa mlango miaka mingi iliyopita. Zilizopo nchini ndizo hizo, na kila mwaka zinapungua kwa ajali na kwa kukatwa spea. Uganda nayo tangu 2018 inazuia magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haijafunga mlango kwa umri, ila gari lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na hesabu ikiisha utakuta gari la zamani limekugharimu kama jipya kidogo. Piga hesabu hiyo kwanza.

Nimeona moja bei ya kutupa. Nichukue?

Usichukue. Rahisi huwa ghali, na GTI ya bei ya kutupa kwa kawaida mwenyewe anaitupa kwa sababu ameshaambiwa na fundi gharama ya giaboksi.

Bei ya kununua ni kiingilio tu. Ukiwa na fedha kiasi fulani, nunua gari la theluthi mbili ya fedha hizo na ile theluthi iliyobaki iweke kando kwa miezi sita ya kwanza. Kama ukifanya hivyo unabaki na gari usilolitaka, subiri, au soma jibu la Suzuki Swift karibu na mwisho.

Nitajuaje kama ni GTI kweli na si Golf ya kawaida iliyobandikwa herufi?

Herufi tatu za nyuma na grili yenye mstari mwekundu vinauzwa dukani. Fungua buti, inua zulia, tafuta kibandiko cheupe karibu na tairi la akiba. Kama hakipo, kingine hubandikwa ndani ya kitabu cha sevisi. Pale pameandikwa namba ya chesisi, msimbo wa rangi na msimbo wa injini. Unatafuta AXX au BWA. Breki za mbele zina kalipa nyekundu na disiki za milimita 312, lakini nyekundu pia ni rangi tu, hivyo usiamini kalipa peke yake.

Namba ya chesisi yenyewe inasema mengi. Golf hii huanza na WVWZZZ1K, na herufi ya kumi ni mwaka wa modeli: 5 ni 2005, 6 ni 2006, na kuendelea. Ilinganishe na logbook kabla ya kutoa hata shilingi ya kumshikia muuzaji, na utafute rekodi za gari NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kupitia eCitizen ujue kama lina mkopo wa benki au Sacco.

Siku ya kwenda kuliangalia nifanye nini?

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika shika boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa, kwa sababu makosa mengi ya injini hii hujitokeza ikiwa baridi. Liwashe mwenyewe huku mtu mwingine amesimama nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mwembamba asubuhi ya Julai ni mvuke tu. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Injini ikitetemeka kwa nusu dakika kisha ikatulia, valvu zimejaa kaboni, na hilo lina jibu lake hapa chini.

Kisha chomeka mashine ya kusoma kompyuta. Usiridhike na kuambiwa hakuna kosa lililotokea, kwa sababu kufuta makosa ni kubonyeza kitufe. Angalia vipimo vya utayari, yaani ile orodha ya majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe likiendeshwa. Vikiwa havijakamilika, kuna mtu amefuta kumbukumbu jana au leo asubuhi. Makosa ya kuyajua kwa namba ni P0087, ambayo ni shinikizo la petroli kuwa chini, na P0299, tabo haijazi inavyotakiwa. La pili mara nyingi ni mpira uliopasuka au dampu valvu (inayotoa hewa ya ziada ya tabo) iliyochanika utando wake, vitu vya bei ndogo. La kwanza linaweza kuwa balaa.

Liendeshe taratibu kwanza, redio imezimwa. Pita matuta polepole na usikilize mbele: mlio wa kugonga ni bushi za mikono ya chini au viungo vya stabilaiza. Kata kona ukiwa umeegesha ili usikilize sehemu ya juu ya shokamzoba. Jaribu kila mlango, kila kioo, na AC. Kufuli za milango za Mk5 zina swichi ndogo ndani ambayo hufa, kisha taa ya ndani haiwaki unapofungua mlango au kengele inalia yenyewe usiku. Ni kero zaidi kuliko ubovu, ila ipunguzie bei.

Mwisho, ingia chini ya gari. Kinga ya plastiki chini ya injini ikiwa imetolewa, uliza ilikwenda wapi. Jibu la kawaida ni kwamba fundi aliichoka. Sampu (beseni la oili chini ya injini) yenye makovu ya matuta inakuambia gari limeshushwa au limeendeshwa ovyo.

Kila mtu ananitajia "folowa". Ni nini hiyo?

Ni kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kamshafti, ule mtaimbo unaofungua valvu, na pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Kamshafti inazunguka, inasukuma folowa, folowa inasukuma pampu. Uso wake una utando mweusi mgumu. Utando ukiisha, chuma kinaanza kulika, kisha kinatoboka. Hapo pampu inakosa msukumo, gari linapoteza nguvu, na kipande kilichobaki kinaanza kuikwangua kamshafti yenyewe. Folowa ni spea ya bei ndogo kabisa. Kamshafti si hivyo.

Kuikagua si kazi kubwa: shinikizo la petroli linatolewa, boliti tatu za pampu zinafunguliwa, unaitoa na kuitazama. Uso ukiwa bado mweusi, irudishe. Ukiona duara la chuma kinachong'aa katikati, weka mpya. Ukiona shimo, simama hapohapo na uichunguze kamshafti kabla ya kuwasha tena. Iangalie kila kilomita 15,000 hadi 20,000, na mapema zaidi kama gari limeongezwa nguvu kwa kompyuta au limekaa na oili ya zamani.

Muulize muuzaji lini mara ya mwisho folowa ilitazamwa. Akijua unachokisema, mmeanza vizuri. Akikuuliza "folowa ya nini?", gari bado linaweza kuwa zima, ila fanya ukaguzi huo uwe sharti la kununua.

Na mkanda wa taimingi?

Injini ya Mk5 inatumia mkanda, si cheni kama Mk6, ingawa ina kicheni kifupi nyuma kinachounganisha kamshafti mbili. Mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni, na injini imekwenda. Kama hakuna risiti inayoonyesha ulibadilishwa lini, chukulia haujabadilishwa kamwe. Badilisha pamoja na pampu ya maji na tensheni yake, kisha rudia kila miaka 5 au kilomita 90,000, kinachotangulia. Ratiba ya kiwanda inaruhusu mbali zaidi ya hapo, lakini mpira wa miaka kumi na tano kwenye joto la Mombasa hausomi ratiba.

Kaboni kwenye valvu husafishwaje?

Kwenye injini za zamani petroli hupita juu ya valvu za kuingiza hewa na kuzisafisha. Hii huingiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu zinabaki zikipokea mvuke wa oili tu, na mvuke huo unakauka na kuwa masizi. Dawa za kumimina kwenye tangi haziwezi kufika pale, na yeyote anayekuuzia chupa kwa kazi hiyo anakuuzia maji. Manifoldi ya kuingiza hewa lazima ivuliwe. Njia bora ni kupuliza unga wa maganda ya jozi kwenye kila tundu huku valvu zake zimefungwa, na kuuvuta kwa mashine. Pasipo na mashine hiyo, fundi mvumilivu atatumia dawa, brashi na siku nzima. Wakati manifoldi iko nje, badilisha na valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa oili ndani ya injini, kwa sababu ikifa ndiyo inayorusha oili nyingi kule.

DSG au gia za mkono?

Nyingi zilizotoka Japani ni DSG ya gia sita, inayojibadilishia gia yenyewe. Ni giaboksi nzuri kuliko sifa yake: klachi zake mbili zinaoga ndani ya oili, tofauti na ile ya gia saba kavu iliyowekwa kwenye Golf za 1.4. Kinachoiua ni kutosevisiwa. Oili na filta yake hubadilishwa kila kilomita 60,000, lita tano na kidogo, ya aina yake maalumu. Ukiona fundi ameshika kopo la ATF, oili ya giaboksi otomatiki za kawaida, chukua ufunguo wako uondoke. Kiwango cha oili nacho hupimwa ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45, likisomwa kwenye mashine, si kwa kukisia kwa mkono.

Kwenye majaribio, gari likivuta kwa mshtuko kutoka ya kwanza kwenda ya pili, likichelewa kuingia rivasi, au maandishi ya gia yakimweka kwenye dashibodi, tatizo huenda liko kwenye mekatroniki, kile kitengo chenye kompyuta na valvu ndani ya giaboksi. Ondoka, isipokuwa bei imeshuka kiasi cha kununua kingine.

Ya gia za mkono ukiipata, na klachi ni nzima, nunua bila kuwaza sana.

Foleni ya Mombasa Road haitaiua DSG?

Kinachoichosha ni kule kusogea sogea kwa nusu mita, klachi zikiteleza muda wote. Acha nafasi ifunguke mbele yako, kisha sogea mara moja kwa urefu wa gari mbili. Ukisimama, kanyaga breki kikamilifu, kwa maana ukiigusa tu klachi inabaki imeshika kidogo. Madereva wa matatu watajichomeka kwenye nafasi uliyoiacha. Waache.

Petroli gani?

Soma ndani ya kifuniko cha tangi: kiwanda kilitaka oktani 98, na 95 inakubalika kwa kupoteza nguvu kidogo. Kwa hiyo tumia ile ya daraja la juu, V-Power au inayolingana nayo. Ukilazimika kujaza ya kawaida safarini, kompyuta itachelewesha cheche za plagi kuilinda injini. Usilikanyage tu mpaka utakapopata nyingine. Ulaji wake katika foleni ni kama kilomita 7 hadi 9 kwa lita, na barabara kuu ni nafuu zaidi. Anayelalamika kuhusu hilo alipaswa kununua Vitz.

Naweza kuongeza maji ya bomba kwenye radieta?

Dharura tu, ya kukufikisha gereji. Kulanti yake ni ya waridi au zambarau, G12 na warithi wake, na ikichanganywa na ile ya kijani inaweza kuganda kuwa tope. Ukikuta maji ya kutu kwenye gari unalolikagua, fikiria hali ya pampu na thermostati ndani.

Nimelinunua. Nianze wapi kulifufua?

Watu wengi huanza na rimu na rangi, kisha gari linazima barabarani likiwa linameta. Anza na vitu vinavyoweza kuiua injini: oili ya 5W-40 yenye kibali cha VW 502.00, lita 4.6 pamoja na filta, kila kilomita 7,000 hivi, folowa, mkanda, oili ya DSG, kulanti, plagi na koili zinazozipa plagi umeme. Hapo gari litaanza kukueleza lenyewe lina shida gani nyingine.

Kisha breki, matairi na suspensheni. Usibadilishe bushi moja moja kila mwezi. Ukishavua mikono ya mbele, maliza upande wote, na baadaye pima alaimenti ya magurudumu yote manne, kwa kuwa ya nyuma nayo hurekebishika. Rimu za inchi 17 zenye tairi la 225/45 zinavumilia mashimo yetu kuliko zile za 18. Kushusha gari hili Nairobi ni kuitafutia sampu kifo, ingawa najua wapo watakaoshusha tu.

Bodi inafuata. Mabati ya Mk5 yana zinki na hayali kutu kirahisi, isipokuwa mabawa ya mbele. Nyuma ya kinga ya plastiki kuna sponji iliyowekwa kuzuia kelele. Inashika maji na matope na kuozesha ukingo wa bawa kutoka ndani. Vua kinga, toa sponji, safisha, paka dawa ya kutu. Mombasa, Tanga na Dar fanya hivyo hata kama huoni kitu.

Ndani, kitambaa cha dari huachia gundi na kuanza kuning'inia. Msipige pini. Dari inatolewa yote, sponji kuukuu inakwanguliwa, na fundi wa viti anabandika kitambaa kipya. Viti vya asili vya mirabaraba vikiwa vizima, usivishonee ngozi. Siku ya kuuza, mnunuzi anayejua ataviulizia.

Spea nitapata?

Utapata kuliko unavyodhani, kwa sababu injini hii iliwekwa pia kwenye Jetta, Passat B6, Audi A3, Škoda Octavia RS na SEAT Leon. Muuzaji wa Kirinyaga Road akisema ya Golf hana, mwambie atafute ya A3. Nenda na namba ya spea, si na jina. Kwa vitu vya kuchakaa chukua majina ya watengenezaji wenyewe: Lemförder na Sachs kwenye suspensheni, INA au Gates kwenye mkanda, Mann kwenye filta. Bandia zipo, na boksi lake linaweza kupendeza kuliko la kweli. Taa, milango, viti na bampa nunua za noskati, yaani zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa. Folowa, mkanda, pampu ya maji na sensa usinunue mitumba hata uapiwe.

Fundi wangu wa Toyota anaweza kulihudumia?

Breki na bushi, ndiyo. Mkanda, pampu na DSG vinahitaji vifaa vya kufungia taimingi na programu kama VCDS. Mkaguzi mzuri wa swali hili ni lifti yake: kama kuna Volkswagen au Audi mbili zimepandishwa, endelea kuongea naye.

Nitoe nguvu zaidi kwa kompyuta?

Programu ya hatua ya kwanza huongeza farasi 40 hivi bila kubadilisha kifaa chochote, na inafurahisha, sikatai. Lakini inapandisha shinikizo juu ya folowa, klachi na koili zilezile kuukuu, na inategemea petroli ambayo huipati kila kituo. Endesha mwaka mmoja kwanza gari likiwa la kiwanda. Na ukiliongeza, liarifu shirika la bima.

Bima je?

Uliza kabla ya kununua. Baadhi ya kampuni hazitoi bima kubwa kwa gari la umri huu, na nyingine hutaka tathmini mpya kila mwaka.

Fedha hazitoshi. Kuna kitu kingine chenye ladha hiyo?

Suzuki Swift Sport ya 2005 hadi 2010, ile ya ZC31S. Injini ya lita 1.6, farasi 125, haina tabo, haina folowa ya kukunyima usingizi, na cheni badala ya mkanda. Itafute ya gia za mkono. Mwinuko wa Nairobi utaipunguzia pumzi, lakini kwa kona ndogo na maegesho ya mjini inapendeza kuliko bei yake.

Nibebe nini kwenye buti?

Lita moja ya oili ileile iliyo ndani ya injini, chupa ya kulanti iliyokwisha kuchanganywa, koili moja, plagi moja, soketi ya plagi, na kisomeo kidogo cha kompyuta. Koili ikifa njiani Naivasha, utaijua silinda kwa namba ya kosa: P0301 ni ya kwanza, P0304 ni ya nne. Zima injini, ngoja ipoe kidogo, chomoa ya zamani, weka mpya, funga boneti.